Wale Wadogo wa Nyuma ya Majiko

Kwenye zabuni ile kulikuwa na kipengele cha makaburi. Kiwanja kilikuwa na makaburi ya zamani, na kila mwombaji alitakiwa akakague mwenyewe, ajaze idadi yake na bei ya kuyahamisha. Mimi ndiye niliyejaza. Nilikaa kwenye steshenari ya stendi ya Kisarawe, mwenye duka akaniachia kompyuta yake akaenda kumhudumia mtu wa fotokopi, nikabonyeza kwa kidole kimoja. Niliandika nilichoonyeshwa. Sikudanganya. Nimejiuliza sana jambo hili na kila mara najijibu hivyo, sikudanganya, na kila mara jibu linakuwa kama shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Mimi ni katibu wa kikundi. Niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu unasomeka, na kwenye kikundi chetu hilo linatosha kukupa ukatibu. Tunafyeka, tunang'oa visiki, tunasawazisha viwanja, tunaweka uzio. Tumo wanaume kwa wanawake, wengi wa mtaa mmoja, na mwenyekiti wetu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunayeishi naye ua mmoja. Miaka mingi tuliishi kwa vibarua vya watu binafsi. Kazi za serikali tulikuwa tunaomba tunakosa, tunaomba tunakosa, hadi mwenzetu mmoja mcheshi, fundi wa visiki, akasema sisi ni wapambe wa bibi harusi: tunavaa, tunasindikiza, tunarudi kwetu na njaa.

Safari hii ilikuwa kazi ya kuandaa kiwanja cha zahanati katika kijiji kimoja ng'ambo ya Soga, njia ya kwenda Magindu. Zahanati yenye chumba cha kujifungulia, maana kina mama wa kule walikuwa wakishikwa na uchungu wanabebwa kwenye pikipiki.

Siku ya kukagua tuliteremka mimi na shemeji hadi Pugu, tukapanda treni hadi Soga, kisha bodaboda. Mwenyekiti wa kijiji alituzungusha pamoja na wazee wawili. Palikuwa mahame. Zamani kulikuwa na nyumba pale, watu wakahamia kandokando ya barabara, nyumba zikaliwa na mchwa. Kilichobaki ni mikorosho, mlimao mmoja uliozeeka, na mawe ya mafiga hapa na pale, meusi bado, kila matatu yakionyesha palipokuwa na jiko la mtu. Nayakumbuka mafiga yale. Nilipita katikati yake nikitazama mbele.

Wazee walituonyesha makaburi. Mengine yalizungushiwa mawe, mengine yamejengewa saruji, moja limezungukwa na minyaa. Kila walipofika walimtaja mwenyewe na kumwombea.

"Hayo tu, baba?" nikamuuliza mzee mmojawapo, mrefu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono.

"Hayo tu, binti. Sisi wafu wetu tunawajua."

Upande wa pili, karibu na mlimao, bibi mmoja alikuwa anafagia. Kanga kiunoni, ameinama na ufagio wa chelewa, anaondoa majani makavu mahali pasipo na nyumba wala njia. Alifagia pana, kama mtu anayeandaa uwanja wa ngoma. Shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, huyu bibi tumwajiri, atatumalizia kazi kabla hatujalipwa." Nikacheka. Kicheko kile bado nakisikia, na si cha mtu mbaya. Ni cha mtu aliyechoka na jua, anayewaza usafiri wa kurudi.

Tuzo ya zabuni ilipotoka kwetu, shemeji alikuja nyumbani na kreti ya soda. Yule fundi wa visiki alijifunga kitambaa cheupe kichwani akatembea uani kwa madaha. "Leo bibi harusi ni sisi," akasema. "Wapambe watajijua wenyewe." Tulifurahi kweli. Kulikuwa na mama kwenye kikundi aliyekuwa amekwishaacha meza yake ya kuuza mihogo kwa kuitegemea kazi hii. Nalitaja hilo ili nisije nikaonekana nilikuwa peke yangu mwenye moyo.

Kabla ya kusaini mkataba tuliitwa kuonyeshwa mipaka. Nilikwenda na yule fundi wa visiki. Wakati yeye na vijana wa mhandisi wa halmashauri wanavuta kamba, yule bibi wa ufagio akanijia pale nilipokuwa nimekaa kivulini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyie ndio mliopewa?"

"Ndio sisi."

"Mtawahamisha?"

"Wote, bibi. Kwa heshima zao. Shehe atakuwepo, na bwana afya."

Akautazama ufagio wake kidogo. "Na wale wadogo mnawapeleka wapi?"

"Wadogo gani?" nikauliza. Lakini nilikuwa nimekwishajua. Mdomo tu ndio uliouliza.

"Wa nyuma ya majiko," akasema, akaondoka kurudi kufagia.

Niseme ninavyojua, na anayejua zaidi anisahihishe. Kwetu zamani, mtoto akizaliwa hajalia, au akilia kidogo akanyamaza kabla ya kutolewa nje, msiba wake ulikuwa wa wanawake. Wanaume waliambiwa imeharibika, nao hawakuuliza zaidi. Mkunga au mama mkwe alikifunga kile kitoto kwenye kipande cha kanga akakizika nyuma ya jiko, pale maji ya kuogea yanapomwagikia, ili ardhi ibaki baridi na tumbo la mama lisikauke. Hakuna tanga, hakuna jiwe, hakuna jina. Mama mwenyewe anakatazwa kulia kwa sauti, na kumtaja ni kumwita arudi kwa mwingine. Shehe wetu amekwishakemea hilo kwenye mawaidha. Alisema aliyelia ana haki zake zote, aoshwe, asaliwe, azikwe na watu. Siku hizi watu wanajifungulia hospitali na mambo mengi yamebadilika. Sisemi ilikuwa mila ya kila nyumba. Nasema nilichokiona.

Kwa hiyo yule mzee mwenye kofia hakutudanganya. Alituonyesha wafu aliowajua. Kosa letu lilikuwa kuwauliza wanaume, na hilo ni kosa ambalo mgeni kutoka mbali angesamehewa. Mimi si mgeni.

Kwenye treni ya kurudi nilikaa dirishani, fundi wa visiki akiwa amelala mbele yangu mdomo wazi. Nikawa namfikiria wangu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nyumbani kwa mama mkwe, Kisarawe, akalia mara moja, sauti kama ya mlango usiopakwa mafuta, basi. Mama mkwe alimchukua. Nilipoweza kusimama nilikwenda hadi mlango wa jiko, naye akanyoosha mdomo kuelekea uani. "Yuko pale," akasema, na mambo yakaishia hapo. Mume wangu aliambiwa imeharibika. Mama mkwe amekwishafariki, Mungu amrehemu, alinipenda kwa namna yake. Baadaye shemeji akamwaga zege palepale uani akaweka simtenki, maana tulikuwa tunateka maji mbali na yeye aliona wanawake wa nyumba tunateseka. Mafundi walipokuwa wanakoroga zege nilisimama na birika. Niliwamiminia chai.

Nimekunywa maji ya tenki lile miaka yote hii. Yana ladha ya maji.

Basi mtu wa namna hiyo anapoketi kwenye kompyuta kujaza idadi ya makaburi, na anakumbuka mafiga, na hajazi, amesahau au amekataa kukumbuka? Sijui. Naandika kila jioni nikitumaini kalamu itajua, na kalamu nayo ni yangu.

Tulikutana kibarazani kwa shemeji. Niliwaeleza bila kumtaja wangu. Nilisema tu kwamba kijijini kuna makaburi ya watoto wachanga ambayo hatukuyaweka kwenye zabuni.

Shemeji alivua kofia akajipepea. "Yana alama?"

"Hayana."

"Kuna mtu aliyekuonyesha hata moja?"

"Hapana. Bibi mmoja amesema yapo."

"Bibi mmoja." Akawatazama wenzake. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini kaburi lisiloonekana, lisilo na jina, lisilo na mtu, hilo tutamwambia nini afisa manunuzi? Tuna tuzo mkononi. Tukienda kusema tumekosea, ama watatuambia fanyeni kwa bei ileile, ama watatunyang'anya kazi watufungie tusiombe tena. Sasa wewe chagua unataka lipi."

"Sijui," nikasema.

"Mama katibu, tusijichoreshe," akasema fundi wa visiki, na safari hii hakuwa anachekesha. "Mimi na jembe langu nikichimba nikakuta kitu, nitasimama. Nisipokuta kitu, Mungu anajua sikukuta."

"Hutakuta," nikasema. "Ndiyo shida yenyewe. Mifupa yao ilikuwa laini, wameshakuwa udongo."

Yule mama aliyeacha meza ya mihogo aliangalia vidole vyake vya miguu. Aliyesema ni shemeji. "Twende ofisini tukaulize. Kuuliza si kukiri." Nataka iandikwe kwamba ni yeye aliyesema twende.

Afisa manunuzi alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu, akanipa shikamoo akasimama kunitolea kiti. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mkali. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza kompyuta yake tuone.

"Mama, kosa la hesabu naweza kulirekebisha," akasema. "Ukizidisha vibaya, ukajumlisha vibaya, tunaongea tunasahihisha. Hili si kosa la hesabu. Hapa mmeweka tamko kwamba mmekagua eneo na mmeridhika. Bei yenu ndiyo iliyowashinda wenzenu. Nikiipandisha leo, nawaambia nini wale waliokosa?"

"Ni kweli," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Mkijitoa, nitalazimika kuripoti, na mnaweza kufungiwa. Mkibaki, bei ni ileile." Akacheza na kifuniko cha kalamu. "Lakini kaburi ni kaburi. Ndugu wakilionyesha mbele ya bwana afya, lazima lihamishwe kabla ya mtu kuchimba msingi. Lisipoonyeshwa, mhandisi hana cha kumzuia. Nani atayaonyesha?"

Nilimwambia wapo kina mama. Akauliza kama watakubali kusema mbele ya kijiji.

Shemeji ndiye aliyejibu. "Andika hivi, bosi. Yatakayoonyeshwa tutayahamisha kwa bei yetu ileile, hatudai nyongeza. Yasipoonyeshwa, tunaanza kazi." Tuliposhuka ngazi akaniambia, "Nimekupa siku moja, shemeji. Wakisema, nabeba hasara na wewe. Wasiposema, nisisikie tena habari hii, si kazini, si nyumbani."

Ilikuwa haki. Hadi leo naona ilikuwa haki.

Wakatukutanisha pale mahameni: mhandisi, bwana afya, mwenyekiti wa kijiji, wazee, na kina mama waliokaa mbali kidogo, miguu wameinyoosha, kanga wamejitanda. Bwana afya akaeleza. Akasema kama kuna kaburi lolote halijaonyeshwa, hata la mtoto mchanga, leo ndiyo siku yake, kesho kutwa mashine inaingia.

"Makaburi gani tena?" akauliza mwenyekiti wa kijiji, kwa mshangao wa kweli.

Yule mzee mwenye kofia akacheka kidogo. "Habari za fidia zimefika jikoni. Subirini, kesho kila mwanamke hapa atakuwa na mtoto."

Wanaume wengine wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na mapacha watakuwemo." Kina mama hawakuinua vichwa. Nilimtafuta yule bibi kwa macho. Alikuwa amekaa wa mwisho, ufagio umelazwa mapajani, anachambua chelewa moja moja kama mtu anayechambua mboga.

Nikamwendea nikachuchumaa. "Bibi, wasipoonyeshwa watajengewa juu."

"Nimesikia."

"Sema basi. Hata mmoja."

"Nikimwonyesha nimemtaja, mwanangu. Hatajwi." Akanitazama usoni. "Wewe ungemtaja wako?"

Sikuwa nimemwambia kitu. Sijui aliona nini. Labda hakuona chochote, labda ni msemo tu ambao angemwambia yeyote.

Mhandisi alikuwa anatazama saa ya simu yake. Alikuwa na viwanja vingine vya kwenda, simlaumu. Nikasimama. Sikupanga kusema, na niliposema sauti yangu ilikuwa ya kuombea chumvi kwa jirani.

"Mimi ni katibu wa hawa waliopewa kazi," nikasema. "Sina fidia ninayoidai hapa, kwetu ni Kisarawe. Ninaye mtoto nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Alilia mara moja. Juu yake pana tenki la maji. Kila nikifungua bomba nasikia ule mlio. Sitaki mwingine awekewe kitu juu, ndiyo maana nimewasumbua. Kosa la zabuni ni langu. Nilikuwa najua wanawekwa wapi, nikawauliza wasiojua."

Nikakaa. Shemeji alikuwa amesimama kando ya mkorosho na mkono wake uko juu ya shina, na alinitazama, kisha akatazama chini, kisha akautazama mkono wake. Tenki ni yeye aliyeliweka. Kwenye lile zege kuna alama ya kiganja chake, alikigandamiza likiwa bichi, kwa furaha ya kazi kuisha.

Bwana afya akakohoa. "Basi tuahirishe hadi asubuhi," akasema. Mhandisi akatia simu yake mfukoni.

Tulilala kijijini. Shemeji alipewa chumba kwa mwenyekiti, mimi nikalala kwa yule bibi. Jua lilipokuwa linashuka akaniambia nikae jikoni niangalie wali, nisitoke. Nikakaa. Akaingia mwanamke akaomba kifuu cha nazi, kifuu kitupu, akapewa. Akaja mwingine. Mwingine akaja na chake amekificha kwenye kanga, akapita moja kwa moja kama anayekwenda kuokota kuni. Hawakusalimiana, wanawake wanaosalimiana hata chooni. Nikakoroga wali ambao haukuhitaji kukorogwa. Uliungua chini.

Asubuhi tulikwenda wote pamoja, jua ndiyo kwanza linagusa mikorosho. Vifuu vilikuwa vimefudikizwa chini, kimoja kimoja, nyuma ya kila mafiga. Pengine kimoja, pengine viwili vimekaribiana. Kulikuwa na mahali karibu na mipaka ambapo vilikuwa vingi, na sikuvihesabu. Hadi leo nikiulizwa idadi nasema mkaulize bwana afya, yeye ndiye aliyeandika. Mimi kwenye kuhesabu nilijiondoa.

Wanaume waliingia wakitembea kama wanaokanyaga maji. Hakuna aliyeuliza nani ameweka. Yule mzee mwenye kofia alikwenda mbele ya wenzake, akasimama kwenye mafiga yaliyokuwa chini ya mkorosho mkubwa. Nyuma ya mafiga hayo palikuwa na vifuu viwili. Alivitazama muda mrefu.

"Hili lilikuwa jiko letu," akasema.

Mkewe alikuwa miongoni mwa kina mama waliokuwa wamekaa pembeni. Hakuinuka na hakumtazama. Mzee akavua kofia yake, akaishika kifuani, na wanaume wote wakavua zao.

Tuliwahamisha. Nasema tuliwahamisha kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye taarifa. Kina mama walimwambia bwana afya watachimba wenyewe, naye akakubali, akabaki amesimama pembeni. Shehe alisoma dua. Chini ya kila kifuu walichota udongo kwa mikono wakautia kwenye kipande cha kanga, wakafunga. Hakukuwa na cha kuonekana, udongo tu, wenye unyevu kidogo kuliko wa jirani yake, au labda ni mimi niliyetaka uwe hivyo. Fundi wa visiki, aliyekuwa amefika na wenzetu wa kikundi, aliomba abebe. Wakamkatalia kwa upole, naye akakaa chini akawa anang'oa magugu yaliyokuwa hayamsumbui mtu.

Yule bibi hakuweka kifuu. Nilikuwa nimeona hilo tangu asubuhi nikadhani labda hakuwa na wake, alikuwa mtunzaji tu wa wenzake. Vitambaa vilipokwisha kufungwa nilimkuta karibu na mlimao, amesimama katikati ya ule uwanja aliokuwa anaufagia.

"Bibi, wako je?"

"Wangu yuko hapa."

"Hapa wapi?"

Akazungusha mkono, pana, mlimao hadi mkorosho. "Jiko letu liliungua, mafiga wakayachukua watu. Nimeshasahau alipo, mwanangu. Ndiyo maana nafagia pote. Nikifagia pote simkosi."

Kina mama wakaja. Sikuwaita. Wakainama, kila mmoja na upande wake, wakachota kidogo hapa, kidogo pale, uwanja mzima, nami nikachota. Kanga ya bibi ikajaa hadi ikawa nzito kuliko zote. Yule mama wa mihogo alishika ncha mbili, mimi mbili, bibi akatangulia na ufagio. Hivyo tukampeleka makaburini, kwa wenzake. Sijui kama yumo. Nimemwomba Mungu awe yumo, na nimemwomba anisamehe kama tulibeba udongo mtupu tukamwacha.

Kazi tuliifanya kwa bei ileile. Hasara ilituuma, na wawili walijitoa kwenye kikundi, wakasema katibu anaongozwa na ndoto. Siwezi kuwapinga sana, wana watoto wanaokula. Yule mama alirudia mihogo yake kabla hata kiwanja hakijasawazishwa. Mimi hununua kwake, hata siku nisiyohitaji mihogo. Afisa manunuzi alinipigia kuuliza tumemalizaje. Nilipomweleza akasema, "Haya mama," na hakukata simu upesi.

Nyumbani, shemeji aliacha kunywa maji ya tenki, alikuwa ananunua ya chupa, akificha. Mume wangu alihadithiwa na shemeji, si na mimi. Jioni alikuja kukaa karibu nami tulipokuwa tunachambua mchele, akachambua na yeye, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya, kisha akauliza, "Alikuwa wa kike au wa kiume?" Nikamwambia. Akaendelea kuchambua.

Kisha asubuhi moja nikasikia bomba limefunguliwa halifungwi. Nilitoka nikamkuta shemeji anamwaga maji yote, yanakwenda uani kote, hadi mizizi ya mpapai. Ameweka nyundo kubwa na mtaimbo kando. Amesimama mbele ya zege lake na kile kiganja chake.

"Shemeji," akasema bila kugeuka. "Ni upande gani?"

Nilisimama mlangoni mwa jiko la sasa, kama nilivyosimama mlangoni siku ile. Nikajaribu kuliona jiko la zamani, mlango wake ulitazama wapi, mama mkwe alikuwa amesimama mkono gani. Siku zile mpapai haukuwepo. Choo kilikuwa kingine. Nikanyoosha mdomo kama alivyonyoosha yeye.

"Pale," nikasema.

Akainua nyundo. Nilitaka kumwambia asubiri, sina hakika, huenda ni kushoto zaidi. Sikumwambia. Nikaingia ndani nikachukua ufagio.